Mshika Leso wa Jiwe la Dirisha

Chebet, aliyekuwa msaidizi wangu, ameniomba niwaandikie ninyi waongozaji njia ya kwenda Jiwe la Dirisha kabla sijaisahau, kana kwamba njia ambayo miguu yangu imeizoea hivyo inaweza kunitoka kichwani. Nimemjibu kwamba njia yenyewe haina la kuandikwa. Mnashuka garini, mnafuata mkondo mkavu wa mto, mnapumzika chini ya mgunga mkubwa, mnapanda kidogo penye mawe meusi, mnapinda kona, mmefika. Mtoto wa chekechea anaiweza, na nyanya yake pia. Ugumu wa kazi yetu haukuwa njia. Ugumu ulikuwa kuwafikisha watu wote, na kila mmoja afike akiwa bado na heshima yake. Hilo ndilo nitakaloandika, na hayo mengine mtayaokota humo humo.

Wageni katika ofisi yetu hawanijui, kwa hiyo nijitaje. Mimi ni Nekesa, ninyi mnaniita Mama Wafula. Nilitoka upande wa Bungoma nikafikia kwa dada yangu Kangemi, baadaye nikapata chumba Mountain View, na huko ndiko niliko hadi leo, ila siku hizi maghorofa yamenizibia jua la asubuhi. Ofisi ilikuwa vyumba viwili katikati ya mji, juu ya duka la viatu, na kazi niliyoajiriwa kufanya ilikuwa kupiga deki na kuchemsha chai. Kampuni ilikuwa ikichukua familia za mjini Jumamosi na kuzishusha upande wa pili wa milima ya Ngong, kule Bonde la Ufa linakoanza kukauka, ili watoto watembee kidogo na kuona kwamba dunia ina udongo. Kwenye matangazo tuliandika "matembezi ya jangwani". Wamaasai wanaochunga mbuzi pale walikuwa wakicheka wakisikia hivyo, maana kwao jangwa ni mahali ambapo mbuzi hawezi kuishi, na mbuzi wao walikuwa wanene kuliko wateja wetu.

Aliyenitoa kwenye ndoo ya deki ni Mwalimu Swaleh. Alikuwa mtu wa Mombasa, mrefu, mwembamba, aliyewahi kufundisha madrasa kabla ya kuchoka na madawati. Mjini alivaa kanzu nyeupe na kunywa kahawa chungu karibu na msikiti. Jangwani alivaa suruali ya kaki na kofia pana ya ukindu ambayo mimi niliiona ya kuchekesha hadi siku jua liliponipiga utosini. Siku moja alikuja nilipokuwa nikikamua tambara, akasimama mlangoni.

"Bi Nekesa, Jumamosi utakwenda nasi."

"Kuchemsha chai, Mwalimu?"

"Nina akina mama watano na hapana mtu wa kuwapeleka nyuma ya kichaka. Mimi siwezi, na dereva ndiyo kabisa."

Basi taaluma yangu ilianzia hapo, nyuma ya kichaka. Sioni haya kulisema, na nyinyi mnaoringia vyeti vya chuo mkumbuke kwamba mpaka leo hilo ndilo swali la kwanza ambalo mama yeyote atakuuliza, hata kama atalizungukia.

Siku ile ya kwanza nilitaka kuonyesha kwamba mimi ni mtu wa kutembea. Nyumbani tulikuwa tukienda kisimani na kurudi kabla ya shule, sasa hawa watu wa Lavington na miavuli yao wangenitisha nini? Nilitangulia. Nilikata ule mchanga wa mkondo kama niliyetumwa, nikafika kwenye mgunga nikiwa hata sijahema, nikageuka kuwakaribisha. Hakukuwa na mtu. Mbali kule chini niliona kofia moja, halafu nyingine mbali zaidi, halafu mtoto ameketi mchangani analia kwa sababu mwiba umepenya ndala. Mwalimu Swaleh alifika wa mwisho, amembeba yule mtoto mgongoni, hana hasira hata chembe.

"Umemwongoza nani, Bi Nekesa?"

"Watu, Mwalimu."

"Watu gani, mwanangu? Mimi naona wewe na kivuli chako."

Nilitamani ardhi inimeze. Yeye akanipa maji, akaketi kando yangu, akanifundisha kazi yote kwa muda ambao wengine walimaliza machungwa yao. Kiongozi hutembea nyuma. Mbele huwekwa yule mwenye mwendo wa polepole kuliko wote, na hakuna ruhusa ya kumpita. Ukimweka nyuma, kila atakapowafikia wenzake watakuwa wameshapumzika na wanaondoka, kwa hiyo anayechoka zaidi ndiye asiyepumzika kabisa. Ukimweka mbele, wote mna mwendo mmoja.

Kwa ajili hiyo alikuwa na leso. Ilikuwa kanga ya mama yake, nyekundu yenye maua ya korosho, imefuliwa hadi ikawa laini kama shavu la mtoto. Aliifunga kwenye fimbo ikawa bendera. Watu walipokuwa wakifunga kamba za viatu, yeye alikuwa akiwatazama huku akijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Nilimuuliza anamjuaje wa polepole kabla watu hawajatembea.

"Usitazame miguu," akasema. "Mtazame anayeketi kabla hajaambiwa aketi."

Kisha alipaza sauti, "Nataka mtu wa kutushikia leso!" na kumpa huyo huyo aliyemchagua. Kama ni mtoto, alivimba kichwa. Kama ni bibi wa watu, alicheka na kusema haya basi. Hakuna aliyeambiwa kwa nini amechaguliwa. Hilo Mwalimu Swaleh alilitilia mkazo kuliko yote. "Ukimwambia sababu," alisema, "umempa kwa mkono huu ukamnyang'anya kwa huu."

Desturi yake ya pili mnaijua, lakini naiandika kwa wageni. Jiwe la Dirisha ni mwamba mrefu wenye tundu kubwa katikati, kama dirisha ambalo mjenzi amelisahau bila vioo. Mtu anaweza kupita ndani akiwa wima na kuona bonde lote upande wa pili. Hakuna anayepita mpaka wa mwisho awe amefika, na wa mwisho siku zote ni kiongozi. Kwa hiyo kazi yangu ya miaka yote ilikuwa kuona migongo. Migongo yenye mikoba, migongo iliyolowa jasho, mgongo wa mama aliyembeba mtoto ambaye aliapa atatembea mwenyewe. Ile kona ya mwisho ni nyembamba, mtu anapita mmoja mmoja, na mimi nilipoipinda nilikuta watu wameshajaa mbele ya Jiwe wananingoja, simu juu. Nililiona Jiwe kupitia mabega ya watu.

Vyombo vya kazi nitavitaja kwa ufupi kwa sababu nyote mnabeba vitu vingi mno. Maji, kuliko unavyofikiri. Kibanio cha kutolea miiba, na kiwe chako mwenyewe, usimwazime dereva, atakitumia kwa ndevu. Ndimu, chumvi na sukari kwa anayeanza kuona kizunguzungu. Filimbi. Kofia za ziada, maana baba wa familia hatabeba kofia, atasema jua la Nairobi analijua. Usimruhusu mtoto kuinua jiwe kwa mkono, ainue kwa fimbo ule ukingo wa mbali naye, ili nge akitoka atoke upande wa pili. Na mtu akivaa viatu vipya vya kupandia milima, mpe plasta kabla hajaomba, umwambie ni ya mwenzake. Ataichukua.

Miaka ilikwenda hivyo. Mwalimu Swaleh alianza kusumbuliwa na macho, akabaki ofisini kupanga safari, na leso ikawa mkononi mwangu. Tuliliita "kukabidhiwa leso", ingawa aliyekabidhiwa haishiki, huishikisha wengine. Katika miaka hiyo ndipo lilipokuja jambo la Baba Imani, na kama mtasoma sehemu moja tu ya maandishi haya, basi msome hapa.

Mkewe alikuja kwanza, peke yake. Alipanda ngazi zetu polepole, akaketi kwenye kiti cha wageni na mkoba mapajani. Walikuwa majirani zangu wa mbali, watu wa Vihiga wanaokaa Kangemi. Mumewe alikuwa fundi wa mawe aliyepanda hadi kusimamia mjengo. Siku moja alianguka pale kazini kwa kiharusi, akapelekwa ile hospitali kubwa ya Upper Hill, na aliporudi nyumbani mguu na mkono wa kushoto havikumtii tena.

"Daktari amesema atembee," Mama Imani akaniambia. "Na anaweza. Lakini hataki kuonekana. Anakaa tu kwa sofa anaangalia ukuta. Watu wakikuja kumsalimia anajifanya amelala."

"Na hapa umekuja kwa nini, mama?"

"Aliahidi mtoto. Akiwa kwa wodi alimwambia Imani, nikitoka hapa nitakupeleka kuona ile jiwe iko na dirisha. Mtoto hajasahau." Akaufungua mkoba na kuufunga tena bila kutoa kitu. "Amekubali kwenda kwa sababu ya huyo mtoto tu. Lakini nakuambia ukweli, asipofika pale mbele ya Imani, huyo mzee hatatoka kwa nyumba tena. Mimi namjua."

Nilimpeleka kwa Mwalimu Swaleh ndani. Alisikiliza akiwa amefumba macho, akasema kwamba njia ni fupi na mguu mmoja mzima na fimbo vinatosha, twende. Mama Imani alipotoka, akaniambia, "Mpe leso." Nilijua atasema hivyo.

Jumamosi hiyo tulikuwa na familia mbili nyingine kutoka Muthangari, watu wapole, ila baba mmoja alikuwa na saa ya mkononi inayohesabu mapigo ya moyo na alikuwa akiitazama kila mara kama anayengoja ujumbe. Baba Imani alishuka garini wa mwisho. Alikuwa mtu mpana wa kifua, nywele zimeanza mvi, mkono wa kushoto ameuingiza mfukoni ili usionekane. Imani, msichana wa miaka tisa hivi mwenye meno yanayopishana, alisimama upande ule ule wa mkono bila kuushika.

Nikaitoa leso. "Baba Imani, utatushikia hii?"

Akanitazama kidogo zaidi ya inavyotakiwa. Akaipokea. Akatangulia.

Mkondo wa mto aliupita vizuri, anavuta ule mguu mchangani na kuacha mchirizi mrefu. Nilikuwa nyuma kabisa nikiona mchirizi ule nikasema moyoni, tutafika. Kwenye mgunga watu walifungua chupa za maji. Baba Imani akaketi juu ya mzizi, akaiegemeza leso kwenye shina la mti, na akaniita kwa kichwa.

"Madam, kaa hapa." Nikaketi. "Mimi nimesimamia mjengo miaka mingi sana. Tukipata kijana hajui kuchonga mawe, hatumfukuzi. Tunamwambia shika hii kamba. Anashika kamba siku mzima, anafikiria anasaidia. Jioni anaenda nyumbani anaambia watu amejenga." Akaielekezea leso kidevu. "Hii kitu yako ni ile kamba."

Nikaitazama ile leso pale shinani.

"Sibebi tena," akasema. "Nyinyi endeni. Mimi nitawangoja hapa kwa kivuli, mkirudi mtanipata. Mwambie mtoto nimechoka."

Imani alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka pale, anamenya chungwa ambalo lilikuwa limeshamenywa. Alisikia kila neno. Mama yake aliniangalia, na macho yale nikayakumbuka yalivyokuwa ofisini. Nawaambia ukweli, niliogopa. Mwalimu Swaleh hakunifundisha la kufanya mtu akiitambua leso, kwa sababu katika miaka yake yote hakuna aliyewahi kuitambua, au labda walitambua na kunyamaza kwa adabu. Ningeweza kumbembeleza. Ningeweza kusema, la hasha, ni bendera tu. Lakini yule mtu alikuwa ameishika kamba ile miaka mingi kutoka ule upande wa pili, na nisingeweza kumdanganya kwa kitu alichokivumbua mwenyewe.

"Ni kweli," nikamwambia. "Wewe ndiye wa polepole kuliko wote leo. Nikikuweka nyuma, tutakuwa watu wawili wawili, huyu huku, yule kule, na wewe hutapumzika hata mara moja. Nikikuweka mbele tutakuwa kundi moja. Kamba ya kijana wako haishiki kitu. Hii inashika watu wote hawa. Ukisimama, wanasimama."

Upepo ulikuwa ukivuma kwenye miiba ya mgunga na kutoa ule mluzi wake.

"Sasa hiyo ni maneno," akasema mwishowe. "Si ungesema hivyo tangu kwa gari?"

"Niliogopa kukuaibisha."

"Aibu gani? Huyu mtoto hajui babake anatembea aje? Mke wangu hajui? Ni wewe unaficha, ndiyo inakuwa aibu." Akaupangusa uso kwa mkono wa kulia. "Kama ni hivyo, usiniambie mimi peke yangu hapa chini ya mti kama siri. Waambie wote. Ukiwaambia, nabeba."

Nikasimama. Magoti yangu wakati huo yalikuwa mazima. Nikawaita wote, nikasema, na maneno hayo nimeyatumia hadi juzi, "Leo mwenye mwendo wa polepole ni Baba Imani. Yeye atatuongoza. Hakuna wa kumpita."

Mwenye saa akakohoa. Halafu akafanya jambo ambalo nimemheshimu kwalo tangu siku hiyo. Aliivua ile saa akaitia mfukoni. Imani akala chungwa lake lote kwa mara moja, akafuta mikono kwenye gauni, akasema, "Baba, twende."

Pale penye mawe meusi palituchukua muda. Mawe yale yanabiringika, nanyi mnajua. Mkewe alinyoosha mkono amshike, akakataa. Aliipachika fimbo ya leso kati ya mawe, akaegemea, akavuta mguu, akapumua, akapachika tena. Kila aliposimama, sisi sote tulisimama. Hakuna aliyezungumza, hata watoto wa Muthangari ambao njia nzima walikuwa wakiuliza kama tumefika. Nilikuwa nyuma nikiona migongo yote imetulia, na mbele kabisa kile kitambaa chekundu kikipanda kidogo kidogo. Nilikuwa nikilia, kwa sababu mtu aliye nyuma ana nafasi ya kulia.

Halafu kikapotea kwenye kona. Kisha nikamsikia, sauti nene, ya mtu wa kuamrisha vibarua kwenye ghorofa ya nne.

"Hii hakuna fundi alichonga! Hakuna!"

Nilipopinda kona nikakuta ameuweka mkono wake mzima kwenye ukingo wa lile dirisha, anaupapasa kama anayekagua kazi, anawaeleza watoto wote kwamba mwamba ule unajibeba wenyewe na kwamba angekuwa ni yeye angeweka nguzo, maana hamwamini mtu. Ule mkono wa kushoto ulikuwa umetoka mfukoni. Imani alikuwa ameushika. Hakuna aliyekuwa amepita ndani. Akanigeukia, leso juu.

"Madam, ingia. Tunangoja wewe."

Jumatatu nilimsimulia Mwalimu Swaleh. Alizungusha kikombe chake cha kahawa muda mrefu. "Huyo alikuwa mtu mzima tena fundi," akasema. "Je, mtoto mnene anayechekwa shuleni? Je, kijana wa miaka kumi na minne? Utasimama umwambie mbele za watu?" Nilisema sijui. "Basi ukitaka kuwaanika juani wavalishe kofia kwanza, Bi Nekesa." Hakunipinga, na hakunikubalia pia. Alistaafu akarudi kwao Mombasa, na kila tulipozungumza kwa simu hadi Mungu alipomchukua aliniuliza kama bado nawaambia. Nikimjibu ndiyo, anaguna.

Na hakukosea kabisa. Kulikuwa na msichana mmoja, sitamtaja, ambaye nilimtaja kwa uwazi ule ule na akalia garini njia yote hadi Waiyaki Way. Niliketi naye. Tangu hapo nilianza kuwauliza watu faraghani kwanza, na baadaye nikawazoesha kujitaja wenyewe. "Nani wa polepole leo?" Mtashangaa ni mikono mingapi huinuka watu wakijua kwamba wa polepole ndiye anayetangulia. Hivyo ndivyo nilivyowafundisha nyinyi. Lakini sijawahi kusema kwamba njia yangu ni bora kuliko ya Mwalimu Swaleh. Nimesema tu kwamba yake ilihitaji watu wasioelewa, na watu walianza kuelewa.

Sasa nifike mwisho wangu, ambao Chebet anaujua lakini hajui wote.

Goti la kulia lilianza kunisumbua kwenye ngazi za ofisi, likafuatia la kushoto kwa huruma. Nililipaka dawa ya kuchua, nikalifunga bandeji chini ya suruali, nikajikaza. Nilianza kupiga soga na wateja pale ambapo zamani sikupiga soga, ili tusimame. Nilisema tutazame ndege. Tulitazama ndege wengi sana mwaka ule. Niliamini hakuna aliyenigundua.

Chebet alikuwa msaidizi wangu, binti wa Kericho mwenye miguu mirefu na maneno mengi, ambaye anaongea na simu yake kama ni mtu. Kiangazi hiki kilichopita tulikuwa na kundi la familia kutoka Westlands na Muthangari. Nilimwachia Chebet kazi ya kuteua, maana lazima ajifunze kutambua kwa macho hata watu wasipojitaja. Nilikuwa nimeshamwona nyanya mmoja mwenye fimbo na kijana mwenye dawa ya pumu, nikawa natabiri kimoyomoyo kwamba atamtaja nyanya. Watu walifunga viatu. Chebet akashika leso, ya tatu sasa, ile ya Mwalimu imebaki ukutani ofisini. Akanitazama.

"Wasee, nisikizeni," akasema. Kisha akabadilisha sauti, akasema kama mtu anayesoma, "Leo mwenye mwendo wa polepole ni Mama Wafula. Yeye atatuongoza. Hakuna wa kumpita."

Nilikasirika, sitaficha. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kumuuliza kama anajua anazungumza na nani, kwamba njia hii nilikuwa nikiipita yeye akiwa bado anavuliwa nepi. Wateja walikuwa wakinitazama kwa heshima, hawajui kitu. Nikataka kuinuka ili nimjibu nikiwa wima.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nimeketi. Wote walikuwa wamesimama, hata yule nyanya. Mimi nilikuwa juu ya jiwe, na hakuna aliyeniambia niketi.

Niliinuka kwa awamu. Nikanyoosha mkono, Chebet akanipa leso. Alikuwa na machozi.

"Mathe, usinichukie."

"Nyamaza," nikamwambia. "Shika nyuma. Hesabu kofia."

Nikatangulia. Jambo la kwanza lilikuwa mchanga. Miaka yote nilikuwa nimeukanyaga ukiwa umeshavurugwa na viatu vya watu, sikujua kwamba asubuhi una nyayo nyembamba za swala na michirizi ya mende. Mbele yangu hapakuwa na mgongo wa mtu. Sikujua nitazame wapi. Kwenye mawe meusi goti lilikataa, nikapachika fimbo, nikasimama, na nyuma yangu nikasikia wote wamesimama. Sikuhisi kuhurumiwa kama nilivyoogopa. Walisimama kwa sababu wa mbele amesimama, basi. Nilimkumbuka Baba Imani na kamba yake, nikavuta pumzi, nikapanda.

Nikapinda kona, na Jiwe lilikuwa pale peke yake. Hakuna bega, hakuna kofia, hakuna simu. Mwamba umesimama, na katika lile dirisha hamna mtu, ni mbingu tu na bonde jeupe la magadi huko mbali. Miaka yote hiyo nimewaleta watu mahali pale na sikuwahi kupaona hivyo. Nilielewa ni nini nilichokuwa nikiwapa wale bibi, wale watoto na yule fundi, wakati mimi nikidhani nawasaidia kufika.

Nilitamani kupita. Nikakumbuka desturi, nikasimama kando na leso juu, na watu wakaanza kujaa mmoja mmoja nyuma yangu. Jumatatu ningepanda ngazi kuwaambia ofisini kwamba imetosha, hilo nililijua pale pale na halikuniuma. Chebet alipinda kona wa mwisho kabisa, anapangusa jasho, anarefusha shingo kulitafuta Jiwe kati ya mabega ya watu.

Sikumweleza alichokosa. "Ingia, mwanangu," nikamwambia. "Tunangoja wewe."